Wasomaji Wanauliza: Zermatt, Wakati wa Theluji na Wakati wa Maua

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia vijiji vya milima ya Alpi ambako watu huenda kuteleza kwa skii. Karibu nusu yake zinataja Zermatt, Uswisi, kijiji kilicho chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanazungumzia Zermatt, ingawa mengi kati yake yanafaa kijiji chochote cha aina hiyo.

*Nina likizo moja tu ya siku sita. Sijui kuteleza wala sina hamu ya kujifunza. Niende Januari au Julai? — Asiyependa Kuanguka*

Julai, na bora zaidi kati ya mwishoni mwa Julai na katikati ya Septemba. Majira ya baridi sehemu kubwa ya mlima ni ya wenye skii, na asiyeteleza hubaki na barabara za kijiji, vituo vya juu na njia chache za miguu zilizoshindiliwa. Njia hizo zina vibao vya rangi ya waridi, na ni nzuri kweli, ila unazimaliza upesi.

Ikiwa hamu yako hasa ni theluji, nenda Machi. Theluji bado ni nene, siku zimerefuka, na jua la adhuhuri linakuwezesha kukaa nje bila kutetemeka. Panda treni ya mlimani ya Gornergrat, shuka kituo cha Rotenboden, ukodi sleji, yaani kiti cha kutelezea theluji, uteremke hadi kituo cha Riffelberg. Breki ni miguu yako miwili: kanyaga kwa nyayo nzima pande zote mbili. Ukikanyaga kwa visigino tu theluji itakurukia usoni, na ukiweka mguu mmoja sleji inageuka kuelekea upande huo.

Miezi ya kuepuka ni Mei hadi katikati ya Juni, na katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba. Hapo hoteli nyingi hufungwa, magari ya nyaya yako kwenye matengenezo, na njia za juu ama zina matope ama bado zimefunikwa. Bei ya chumba itakushawishi, usikubali. Wiki mbili za kwanza za Oktoba ni habari nyingine, kwa kuwa misonobari aina ya lachi hugeuka rangi ya dhahabu na watu wamepungua.

Jambo moja la kuuliza kabla ya kulipia kijiji chochote: kiko mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Kitzbühel, Austria, kiko kama mita 760, kwa hiyo mvua badala ya theluji mwezi wa Desemba si ajabu. Val Thorens, Ufaransa, kiko mita 2,300 na theluji yake ni ya uhakika, lakini kilijengwa kwa ajili ya skii na majira ya joto hakina uhai wa kijiji cha kale. Zermatt iko mita 1,600 na ushei, na ina watu mwaka mzima. Hiyo ndiyo sababu tunaipendekeza kwa mtu anayetaka kuona majira yote mawili mahali pamoja.

*Tutakodi gari uwanja wa ndege wa Geneva. Je, tutapata pa kuegesha Zermatt? — Baba wa Wanne*

Hapana, mzee wetu. Magari ya petroli na dizeli ya wageni hayaingii kabisa. Mnaishia Täsch, kilomita tano chini, mnaegesha katika jengo la maegesho, kisha mnapanda treni ya dakika 12 inayoondoka kama kila dakika 20. Ndani ya kijiji kuna teksi ndogo za umeme zenye umbo la sanduku. Hazina mlio wa injini, kwa hiyo washikeni watoto mkono hata kwenye vichochoro vinavyoonekana vya miguu tu.

Ukweli ni kwamba gari hamlihitaji. Kutoka Geneva au Zurich mnapanda treni hadi Visp, mnahamia treni nyekundu ya njia nyembamba, na baada ya saa moja na dakika chache mko Zermatt. Jumla ni saa tatu na nusu hadi nne. Kadi ya usafiri ya Swiss Travel Pass inawafikisha hadi kijijini bila nyongeza. Kwa treni ya Gornergrat mnalipa nusu nauli.

Wakati wa baridi msipange ndege ya kurudi siku ileile mnayotoka kijijini. Bonde ni jembamba, na theluji ikiporomoka juu ya reli na barabara hakuna njia ya tatu. Januari 2018 wageni wapatao 13,000 walikwama Zermatt kwa sababu hiyo.

*Nina sweta zito la pamba na koti refu. Yatatosha? — Bi. Baridi*

Koti, labda. Sweta la pamba liache. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia, na ukisimama dakika tano kwenye upepo jasho hilo linakuwa maji baridi mgongoni. Vaa tabaka tatu: ndani kabisa fulana ya sufu laini au ya nyuzi za kutengenezwa, inayobana mwili, katikati kitu chenye manyoya au sufu, nje koti lisilopitisha upepo wala maji. Kazi yako mchana kutwa ni kuvua na kuvaa hiyo ya katikati kabla hujatoa jasho.

Kadiria hivi: kila mita 1,000 za kupanda joto hushuka kama nyuzi 6.5. Kijijini pakiwa sifuri, kituo cha Matterhorn Glacier Paradise chenye mita 3,883 kinaweza kuwa chini ya sifuri kwa nyuzi 15, kabla hujahesabu upepo. Na hilo linafanya kazi hata Agosti, ndiyo maana utaona watu wamevaa kaptura wakitetemeka mlangoni mwa kituo.

Glavu za kidole kimoja, yaani zile zinazoweka vidole vinne pamoja, zina joto kuliko za vidole vitano. Kwa mitaa yenye barafu nunua mpira wenye njumu za chuma unaovalishwa juu ya kiatu. Wengi huvunjika kifundo cha mkono wakitoka hotelini kwenda kula, wala si mlimani. Miwani ya jua na losheni si anasa: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, kwa hiyo utaungua chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua. Ngozi nyeusi haimkingi mtu macho. Macho yakiungua huuma usiku kama yametiwa mchanga.

*Mara ya kwanza kukodi buti za skii niliumia hadi nikavua saa sita mchana. Safari hii nifanyeje? — Miguu Mipana*

Pole sana. Kwa maoni yetu buti ndilo jambo kubwa kuliko yote kwa anayeanza, kubwa hata kuliko skii zenyewe, na ndilo watu hulifanya kwa haraka kuliko yote.

Nenda dukani jioni ya siku moja kabla, duka likiwa halina foleni. Sema urefu wa mguu wako kwa sentimita, kwa kuwa namba za buti za skii ndizo hizo: 26.5 maana yake mguu wa sentimita 26.5. Waombe wakupime ukiwa umesimama. Kisha ingiza mguu, pigapiga kisigino sakafuni mpaka kikae nyuma kabisa, funga vifungo vya juu vya kifundo kwanza, piga magoti mbele, halafu ndipo ufunge vya chini kwa kulegeza. Ukisimama wima ncha za vidole ziguse mbele kidogo. Ukipiga magoti zirudi nyuma. Kisigino kisinyanyuke. Kaa nazo dakika kumi ukizunguka dukani. Zikibana vidole kwa pembeni, omba ganda pana zaidi; usiombe namba kubwa zaidi. Hapo ndipo wenye miguu mipana hupotea: wanachukua buti ndefu, mguu unaelea ndani, wanakaza vifungo vya chini kuuzuia, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi.

Soksi ni jozi moja, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti. Soksi mbili hujikunja na kuacha alama kama kamba. Suruali ya ndani isiingie kwenye buti. Ipandishe juu ya ukingo, ndani ya buti kuwe na soksi tu. Usiku usiziache mahali pa baridi, maana plastiki hukakamaa na asubuhi utashindana nazo robo saa. Usiziweke juu ya kipasha joto pia. Legeza vifungo, fungua ulimi, acha zikauke chumbani.

Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu wako. Mwambie kweli. Takwimu hizo, pamoja na urefu wa soli ya buti, ndizo zinazoamua vibano vya skii, vile vinavyoshika buti, viachie kwa nguvu gani unapoanguka. Aliyejipunguzia kilo atavuliwa skii ovyo katikati ya kona. Anayejisifu kuwa mjuzi vibano vyake vitakazwa kupita kiasi, na akianguka havitaachia. Goti ndilo litakalolipa. Skii ya anayeanza iwe na urefu wa kati ya kidevu na pua.

Ukifika kwenye theluji, paa theluji iliyoganda chini ya buti kabla ya kukanyaga kibano, kwa kuiparaza kwenye chuma cha kibano au kwa fimbo. Donge la ukubwa wa kifungo cha shati linatosha kukizuia kisijifunge. Ukiwa kwenye mteremko, simama kuukingama na uanze na skii ya upande wa chini: ncha ya buti kwanza, kisha kanyaga kisigino mpaka usikie mlio.

*Shikamooni. Nina miaka 19, naogopa kasi. Nitajifunza siku ngapi, na je, nitalazimika kuteremka hadi kijijini? — Kijana Mwoga*

Marahaba. Hulazimiki, na tunakusihi usijaribu. Zermatt uwanja wa wanaoanza uko Sunnegga, mita 2,288, kando ya ziwa dogo la Leisee. Unapanda kwa treni ya chini ya ardhi inayovutwa kwa kamba, dakika chache tu, na jioni unarudi nayo ileile ukiwa umebeba skii begani. Njia za kuteremkia kijijini mchana huwa zimechakaa na kuganda, zimejaa watu waliochoka; si pa mtu wa siku ya kwanza.

Chukua mwalimu kwa siku tatu, asubuhi tu. Siku ya kwanza utajifunza kusimama: ncha za skii pamoja, mikia mbali, uzito mbele. Kosa la kila mtu ni kuegemea nyuma kwa woga. Ukiegemea nyuma ncha zinakosa uzito, na ncha isiyo na uzito haigeuki, hivyo kasi inaongezeka na woga nao. Sukuma miundi ya miguu kwenye ulimi wa buti hata kama moyo unakataa. Siku ya tatu wengi huweza njia ya buluu nzima.

Rangi Uswisi ni buluu kwa njia rahisi, nyekundu ya wastani, nyeusi ngumu. Ufaransa wana kijani kwa rahisi zaidi. Njia za njano Uswisi hukingwa dhidi ya maporomoko ya theluji lakini hazisawazishwi kwa mashine; waachie wajuzi. Aliye mbele yako, yaani chini yako, ana haki ya njia daima, kwa kuwa hakuoni. Ukitaka kupumzika simama pembeni, pale wanaotoka juu wanaweza kukuona, kamwe si nyuma ya kilima.

Ukungu ukiunganisha mbingu na theluji hutaona mteremko wala kivuli. Hapo fuata nguzo za pembeni za njia, au keti ule chokoleti hadi upite.

*Tunasikia mtu anaweza kula chakula cha mchana Italia na kurudi Uswisi kwa skii. Ni kweli? — Wapenzi wa Tambi*

Kweli kabisa. Eneo la Zermatt na la kijiji cha Breuil-Cervinia, Italia, limeunganishwa juu ya barafu ya kudumu ya Theodul, jumla ya kilomita kama 360 za njia. Nunueni tiketi inayohusu pande zote mbili, mbebe pasipoti, na muwe na uwezo wa njia nyekundu bila wasiwasi.

Hatari iko kwenye saa. Gari la nyaya la mwisho la kurudi juu huondoka mapema kuliko mnavyodhani, na upepo ukizidi hufungwa bila kusubiri waliokwenda kula. Mkibaki Cervinia, kuzunguka kwa barabara ni safari ya saa kadhaa, na teksi yake inalingana na usiku wa hoteli nzuri, pengine miwili. Angalieni ubao wa saa kabla ya kuvuka mpaka, muanze kurudi saa nzima kabla ya muda huo. Siku ambayo utabiri unataja upepo mkali juu, tambi mle upande wa Uswisi.

*Familia yetu haili nguruwe wala haigusi pombe. Tutakula nini? — Mama Mwangalifu*

Raclette, jibini iliyoyeyushwa na kumwagwa juu ya viazi vya kuchemsha pamoja na achari ya matango na vitunguu. Ni chakula cha Valais, mkoa ambao Zermatt imo. Fondue huonekana salama kwa kuwa ni jibini pia, lakini kwa kawaida hupikwa kwa mvinyo mweupe na mara nyingi huongezwa pombe kali ya cheri, uliza. Rösti, viazi vya kuparuza na kukaanga, mara nyingi huja na vipande vya nguruwe vinavyoitwa Speck kwenye orodha. Maji msinunue. Ya bomba ni safi, na ya chemchemi za mitaani hunyweka pia, isipokuwa pameandikwa "Kein Trinkwasser", yaani si maji ya kunywa.

*Mama ana miaka 71 na ana shinikizo la damu. Anatamani kufika kituo cha juu kabisa. Tumpeleke? — Mtoto Mkubwa*

Amwone daktari wake kwanza, na hasa ikiwa ana tatizo la moyo. Akiruhusiwa, msimpandishe siku ya kwanza. Mita 3,883 hewa imepungua kwa zaidi ya theluthi ukilinganisha na pwani, na magari ya nyaya hukufikisha huko upesi mno kwa mwili kuzoea. Alale kijijini usiku mbili, kisha mumpeleke Gornergrat, mita 3,089. Treni yake ya meno, iliyofunguliwa 1898, huchukua dakika 33 na ina vituo njiani. Akijisikia vibaya mnashuka Riffelberg na kupanda inayorudi. Aketi upande wa kulia mkipanda, ndiko Matterhorn iliko.

Akiwa mzima siku hiyo, keshoye kituo cha juu kinawezekana. Atembee kama anayesindikiza maiti, anywe maji, asikae zaidi ya nusu saa. Kichwa kikiuma sana, akiyumba au akitapika, teremkeni mara moja. Kushuka ndiyo dawa, na haifai kusubiri kidonge kifanye kazi. Mwenye mafua asubiri, masikio yatamtesa.

*Majira ya joto tunataka kutembea kwa miguu bila kupotea, na kupiga ile picha ya mlima ndani ya maji. — Kundi la Marafiki Watano*

Anzeni na Njia ya Maziwa Matano. Pandeni hadi Blauherd, mita 2,571, mtembee kupitia Stellisee, Grindjisee, Grünsee, Moosjisee na Leisee, mmalizie Sunnegga. Ni kilomita tisa na kidogo, mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu bila kupumzika. Matterhorn huonekana majini katika Stellisee, Grindjisee na Leisee. Grünsee ni la kuogelea, kwa wenye ujasiri.

Picha ni ya asubuhi. Jua likishapasha miteremko upepo huanza, uso wa maji hukunjamana, na baada ya hapo mawingu hujikusanya kwenye kilele. Stellisee iko kama dakika 20 kutoka Blauherd, kwa hiyo pandeni gari la kwanza muende moja kwa moja. Ziwa la Riffelsee, chini kidogo ya Rotenboden, linatoa picha kama hiyo kwa wasiopenda kutembea.

Vibao vya njano ni njia za kawaida. Alama nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani: buti zenye soli ya meno, na mtu asiyeogopa kimo. Nyeupe-buluu-nyeupe ni ya wenye ujuzi wa kupanda miamba na barafu, geukeni. Saa zilizoandikwa kwenye vibao hazihesabu mapumziko, picha wala mabishano ya njia, kwa hiyo kundi la watano liongeze nusu.

Julai na Agosti radi hupiga alasiri. Mkiona wingu linaota kwenda juu kama koliflawa kabla ya saa sita, fupisheni safari. Radi ikiwakuta, tokeni ukingoni, achaneni na mti uliosimama peke yake, wekeni fimbo za chuma mbali. Juni njia za kivuli juu ya mita 2,500 huwa bado na theluji ngumu yenye mteremko. Ndipo watembezi wa viatu vya michezo huteleza. Na msipite kati ya ng'ombe na ndama wake hata kama njia inapita hapo. Zungukeni kwa mbali.

Bima someni maneno madogo. Ile ya viza ya Schengen yenye kiwango cha chini cha euro 30,000 inaweza kuwa imeondoa "michezo ya hatari" na uokoaji wa mlimani, na helikopta huhesabiwa kwa maelfu ya faranga. Katika mkoa wa Valais namba ya kuita ni 144, ya gari la wagonjwa na ya helikopta pia. Helikopta ikija, mtu mmoja asimame na mikono miwili juu, umbo la Y, maana yake "ndiyo, tunahitaji msaada". Mkono mmoja juu na mwingine chini maana yake "hapana". Wengine waketi, wafunge mizigo, na wasiikaribie mpaka rubani aashirie.